Turudishieni baraza za Kariakoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ambako nilijifunza ushonaji nikiwa kijana na ambako mpaka leo cherehani yangu ndiyo inayonilisha. Kila yanapozuka mazungumzo ya kuipanga upya Kariakoo, nasikia hoja mbili tu: wamachinga waondoke au wabaki, na maghorofa yaongezwe au basi. Kuna hoja ya tatu ambayo haitajwi kabisa, nayo ni ya baraza. Ombi langu ni kwamba kila jengo jipya linalopewa kibali Kariakoo lilazimishwe kuuachia mtaa nafasi yenye kivuli mbele ya milango yake, kama zilivyofanya nyumba zote za hapa kabla hazijavunjwa.

Vijana wengi hawakuzikuta nyumba hizo, kwa hiyo nizieleze. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na vyumba sita, vitatu kulia na vitatu kushoto, ukumbi ukipita katikati mpaka uani. Uani palikuwa na jiko, choo, bafu na kamba za kuanikia nguo, na huko ndiko wapangaji walikopikia, walikofulia, walikogombana na kupatana. Mbele, upande wa mtaa, palikuwa na baraza ya saruji iliyoinuka kimo cha goti, paa la bati likitokeza juu yake. Kwa hati baraza ilikuwa ya mwenye nyumba. Kwa matumizi ilikuwa ya kila mtu. Mpita njia aliyekutwa na mvua alipanda juu yake bila kupiga hodi. Asubuhi palikaangwa vitumbua, mchana wazee walitandika bao, jioni muuza kahawa alitua na birika lake na vikombe vidogo, na wenye kujua kila kitu kuhusu Simba na Yanga wakamzunguka mpaka isha. Cherehani ya mzee aliyenifundisha kazi ilikaa kwenye baraza ya namna hiyo. Mwenye nyumba hakumtoza kodi. Alimshonea watoto nguo za Idd, wakawa wamelipana.

Nilikuja mjini kutoka Kisarawe mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mzee yule alinipokea kwa sababu marehemu baba alikuwa jamaa yake wa karibu, akanikalisha kwenye kigoda, akanipa mkasi na vitambaa chakavu nikate nikijifunza. Kutoka kwake na kwa wazee wenzake wa barazani ndiko nilikoipata historia ya mtaa huu, na mengine nimeyasoma baadaye.

Mitaa hii iliyonyooka ilipimwa na Wajerumani mwishoni mwa utawala wao, mahali palipokuwa shamba la minazi, ili Waafrika wa mji wakae huku, mbali na Uzunguni na Uhindini. Baadaye, chini ya Waingereza, kati yetu na Uhindini pakaachwa uwanja mtupu wa kututenganisha, ambao leo tunauita Mnazi Mmoja. Jengo la soko walilolijenga Wajerumani halikuanza kazi kama walivyokusudia. Vita Kuu ya Kwanza ikaingia, Waingereza wakauteka mji Septemba 1916, na mahali pale pakawa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, ambao ndio waliotuachia jina la Kariakoo. Walichukuliwa vijijini kwao wakabebeshwa unga, risasi na vyuma vya mizinga katika vita isiyowahusu, na maelfu kwa maelfu walikufa njiani kwa njaa na maradhi. Jengo likaja kurudi kuwa soko baada ya vita. Mtaa wa Lumumba, ambao zamani uliitwa New Street, hauko mbali na ninapokaa, na huko ndiko TANU ilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Wazee wa baraza yetu walipenda kusimulia walivyonunua kadi za chama wakiwa wamekaa palepale, miguu ikining'inia mtaani.

Soko jipya, lile kubwa, lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1975. Mchoro ulikuwa wa Beda Amuli, Mtanzania mwenzetu, na ningependa kila kijana anayesomea ujenzi aende akalitazame paa lake: miavuli mikubwa ya zege iliyopangwa ikaungana, hewa na mwanga vikipita, na mvua ikinyesha maji yanakusanywa juu na kushushwa kwenye tangi chini ya ardhi. Amuli alijua kwamba soko la mji wa joto linadai kwanza kivuli na upepo. Wanaochora maghorofa ya Kariakoo siku hizi wanaweka vioo vya buluu vinavyorudisha jua machoni mwa mpita njia. Sijui kwa nini somo lililosimama mbele ya macho yao miaka yote hii halikuwaingia.

Nilianza kazi wakati wa dhiki. Sukari foleni, sabuni foleni, doti ya khanga mpaka umjue mtu. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, watu wakatupa mali usiku mitaroni kwa hofu ya kukutwa nazo, na mwaka huohuo ikaja Nguvukazi, ambapo kijana asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa akarudishwa kijijini. Mafunzo ya cherehani barazani hayakuwa kazi iliyoandikwa popote. Msako ulipopita mtaani kwetu, mwenye nyumba alinivuta ndani, nikapita ukumbini mpaka uani, nikajitwika beseni la nguo za kufua. Mzee akabaki barazani akikanyaga cherehani yake taratibu. Ndivyo nyumba zile zilivyomtunza mtu: mbele zilimpa nafasi ya kazi, nyuma zilimpa hifadhi.

Mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na Mzee Mwinyi aliposhika nchi mwaka uliofuata milango ikafunguka zaidi. Mtaa wa Kongo ulibadilika mbele ya macho yangu. Viatu, redio, mashati, na juu ya yote mitumba. Kushona nguo mpya kukapungua, kazi ikawa kupunguza suruali ya mzungu mnene iwe ya kijana mwembamba wa Buguruni, kufupisha, kubadili zipu, kutia viraka vya ndani. Sikulalamika. Wateja waliongezeka, na walisubiri nguo zao wakiwa wamekaa barazani, na waliposubiri walinunua maandazi, soda, sigara, na kitambaa kwenye duka la ndani. Hapo ndipo nilipoelewa uchumi wa baraza, ambao wengi hawauoni: anayekaa ananunua, anayesukumwa anapita tu.

Kisha wakaja wenye fedha. Makubaliano yalikuwa ya namna moja kila nyumba: wewe una kiwanja, mimi nina mtaji, nijenge ghorofa, wewe upate fleti juu na fremu chini. Wengi walikubali, na siwalaumu hata kidogo, kwani nyumba zilikuwa zimechoka na watoto walikuwa wengi. Lakini ghorofa lilipanda kutoka kwenye mstari wa mwisho kabisa wa kiwanja. Baraza ikawa fremu. Fremu ikagawanywa mara mbili, mara tatu, mpaka zipo ambazo mteja anaingia kwa ubavu na muuzaji anasimama nje. Kodi za fremu hizo, na kilemba cha kuingilia, ni fedha ambazo fundi hazifikirii. Mimi nikahamia chini ya ngazi, na huko ndiko nilipo, na taa yangu inawaka mchana kutwa.

Sasa nieleze siku ya Mtaa wa Kongo ilivyo, maana wanaoamua mambo yake wengi huupitia wakiwa ndani ya gari, na mara nyingine hawaupitii kabisa kwa sababu gari haliingii.

Kabla ya jua, mabelo ya mitumba na maboksi yanashushwa. Wabeba mizigo wanafanya kazi hii kwa mabega, kwa matoroli na kwa maguta. Belo moja la nguo ni zito kiasi kwamba mwenye kulibeba hawezi kugeuza shingo, kwa hiyo anapaza sauti, "Pisha mzigo!", na ole wake anayepekua simu. Saa mbili maduka yanafunguliwa. Vipaza sauti vinaanza: mbili mbili, tatu tatu, chagua mwenyewe. Mawinga wanasimama kwenye pembe za mitaa. Kwa asiyewajua, winga hana duka wala mzigo, ana ulimi na miguu. Ukitaka kiatu cha namba fulani na hakipo, anakukalisha, anakimbilia fremu ya tatu au ghorofa ya nne, anakileta, na juu ya bei ya mwenye mali anaweka cha juu chake. Wapo wanaowadharau. Mimi nawaheshimu, kwa sababu mgeni kutoka Lubumbashi, Lusaka au Moroni aliyeshuka jana hawezi kujua simu ziko Aggrey na vyuma viko Gerezani, na winga mwaminifu anamwokolea siku nzima. Siku hizi binti mmoja na simu yake anasimama mbele ya madera, anawaonyesha wateja wa Mbeya na Mwanza rangi moja baada ya nyingine, na jioni mizigo inaelekea Stendi ya Magufuli kupanda basi.

Mchana mama lishe anapita na sahani zilizofunikwa. Anawapelekea wauzaji wali maharage, wali samaki, mlenda siku mojamoja, na anakumbuka nani hali pilipili. Zamani alikuwa na benchi lake barazani, wateja wakimfuata. Sasa yeye ndiye anayewafuata, akipanda na kushuka ngazi na sahani mikononi. Desemba na Januari ni sare za shule, na mimi hulala saa chache. Usiku wa kuamkia Idd mtaa huu hauna mahali pa kuweka mguu, watoto wamebebwa mabegani, na pamoja na joto na kelele zote ni usiku ninaoupenda kuliko wowote katika mwaka.

Wamachinga. Najua jina hili likitajwa watu hugawanyika papo hapo, basi niseme ninachokiona nikiwa nimekaa. Wengi wa vijana wanaopanga bidhaa chini mbele ya duka wanauza mali ya duka hilohilo. Asubuhi wanahesabiwa, jioni wanarudisha fedha na kilichobaki. Mwenye duka anayelalamika kwamba wamachinga wamemziba mlango, mara nyingine ndiye aliyewatoa nje kwa mkono wake, kwa sababu anajua mteja yuko mtaani na hapandi ngazi. Oktoba 2021 waliondolewa barabarani. Wiki za mwanzo mtaa ulipitika vizuri, kisha wakarudi mmoja mmoja. Hawakurudi kwa ukaidi. Walirudi kwa sababu riziki yao inatembea kwa miguu, na miguu ile inapita Kongo. Nchi hii imejaribu kuwahamisha watu hawa tangu nilipokuwa nimebeba beseni lile uani, na kila mara amri imewashinda nguvu kwa muda mfupi tu.

Lakini siwezi kusema wabaki kama walivyo, kwani nimeona yanayotokea mtaa unapozibwa. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu liliungua, na watu niliowafahamu kwa miaka waliamka hawana kitu. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa likaporomoka hapahapa jirani, upande wa Mchikichi. Watu zaidi ya 80 walitolewa wakiwa hai na zaidi ya 25 walipoteza maisha. Waokoaji walichimba siku kadhaa. Waliokuwa chini walikuwa watu wa aina yetu hasa: wauzaji, mawinga, wateja, wabeba mizigo. Mungu awarehemu. Tangu siku ile, kila nikiona gari la zimamoto limekwama nyuma ya guta, na guta limekwama nyuma ya meza ya viatu, na meza haina pa kusogea kwa sababu nyuma yake ni ukuta, najiuliza tunasubiri nini tena.

Ndiyo maana narudi kwenye baraza. Ghorofa la chini lirudi nyuma mita tatu hivi, za juu zibaki zilipo zikibebwa na nguzo, na nafasi ile iwe wazi kwa umma, imeunganishwa jengo hadi jengo kwa kimo kimoja, isiwe huyu kapandisha ngazi tatu na yule kaweka geti. Si jambo geni Dar es Salaam. Tembea Mtaa wa Samora utaona majengo ya zamani ambayo mpita njia anapita chini yake, kivulini, mvua inyeshe au jua liwake. Kwa nini Kariakoo, yenye watu wengi kuliko Samora, inyimwe?

Baraza ikiwepo, mengine yanapangika. Watembea kwa miguu wapite ndani. Ukingoni uchorwe mstari, na nyuma ya mstari huo wapate nafasi zilizopimwa machinga, fundi, mama lishe na muuza kahawa, kwa ada ndogo inayolipwa mahali panapojulikana na kwa risiti. Barabara yenyewe ibaki kwa maguta, matoroli na magari ya dharura. Ushushaji wa mizigo mikubwa uhamie usiku, jambo linalowezekana sasa kwa kuwa mwaka 2025 ilizinduliwa biashara ya saa 24, taa zimewekwa na mitaa inaonekana. Na kila baada ya umbali fulani yawekwe mabenchi, bomba la maji na choo cha bei nafuu kwa ajili ya wabeba mizigo. Hao wanapumzika juu ya matoroli yao katikati ya njia, na hakuna mpango wowote wa mji niliowahi kuusikia uliowataja.

Najua wenye majengo watasema kiwanja cha Kariakoo ni ghali, mita tatu ni fedha nyingi. Ni kweli. Wapunguziwe kodi ya jengo kwa eneo wanalouachia umma, nami nitakuwa wa kwanza kuwaunga mkono. Wasilipwe kwa kuruhusiwa kuongeza ghorofa moja juu, maana uzito huo tumeshauona unavyoweza kutuangukia. Na kwa majengo yaliyokwisha kusimama, ambayo hayawezi kukatwa miguu, angalau vizuizi, jenereta na vibanda vya chuma vilivyojengwa mbele yake viondolewe. Sheria ya baraza ianze na vibali vipya. Kariakoo inajengwa na kubomolewa kila mwaka. Aliyeanza leo atayaona matunda kabla watoto wake hawajamaliza shule.

Kwa wenzangu wamachinga na mafundi, nami nina neno. Tukipewa mstari, tuuheshimu. Anayeuvuka kwa hatua moja leo ndiye anayempa mtu sababu ya kutuhamisha sote kesho, na tumeshafukuzwa mara nyingi kwa makosa ya wachache wetu.

Watakaoichora Kariakoo mpya nawaomba wasianze na ramani. Waje saa kumi na moja jioni, mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa umetoka. Waingilie upande wa Uhuru, waufuate Mtaa wa Kongo kwa miguu, wapime kwa futi kamba nafasi anayobakiwa nayo mama mwenye mtoto mgongoni na mfuko mkononi. Wakifika kwenye ngazi za jengo ninakoshonea, waniulize. Futi kamba ninayo, na mtu wa kuishika ncha ya pili nitakuwa mimi.

Wako,
Fundi cherehani,
Mtaa wa Kongo, Kariakoo,
Dar es Salaam